Kutoka gunia la mbolea hadi mwanga wa leza

MBOLEA ya urea inajulikana na kila mtu aliye na babu au shangazi mashambani. Ni zile chembechembe nyeupe zinazomwagwa kwenye mahindi yanapofika magotini. Gunia lake likiachwa wazi wakati wa mvua, hugandamana likawa kama jiwe. Hata mtoto wa Nairobi anayekwenda Kitale au Bungoma wakati wa likizo amewahi kuiona.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba urea hiyo hiyo, ikisafishwa na kukuzwa polepole hadi ikawa fuwele angavu kama kioo, ina uwezo wa ajabu. Ukiipitishia mwanga wa leza wa infraredi, ambao macho ya binadamu hayauoni, upande wa pili hutokea mwanga wa kijani. Mwanga umeingia na rangi moja, umetoka na nyingine.

Urea ni mojawapo ya fuwele zinazoitwa za oganiki. Hapa neno hilo halina uhusiano wowote na zile sukuma za bei ghali zinazouzwa madukani kwa madai kuwa hazikunyunyiziwa dawa. Katika kemia, oganiki ni kitu kilichojengwa kwa atomu za kaboni. Zamani iliaminika kuwa vitu kama hivyo hutengenezwa na mwili wa kiumbe hai pekee, hadi mwaka wa 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler alipotengeneza urea katika maabara bila kuhitaji figo ya mnyama yeyote.

Sayansi ya kugeuza rangi ya mwanga ni changa zaidi, na wazee wetu wengi walizaliwa kabla yake. Leza ya kwanza iliwashwa Mei 16, 1960 na Theodore Maiman huko Malibu, California, kwa kutumia kijiti cha yakuti nyekundu. Mwaka uliofuata, Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walielekeza mwanga wa leza kama hiyo kwenye kipande cha kwatsi, jiwe angavu ambalo pia hutumika ndani ya saa za mkono.

Mwanga ulioingia ulikuwa mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694. (Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni.) Uliotoka karibu wote ulikuwa ule ule, lakini kando yake palikuwa na chembe ya mwanga wa nanomita 347, yaani nusu kamili. Huo ni mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, lakini ulinaswa kwenye picha kama kidoa kidogo.

Kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni kwamba picha hiyo ilipofikishwa katika jarida la Physical Review Letters, aliyeitayarisha kwa uchapishaji alidhani kidoa kile ni uchafu, akakifuta. Makala hayo mashuhuri yakatoka na mshale unaoelekeza mahali patupu! Sisi wa magazeti tunalijua balaa la aina hiyo.

Ni nini hasa hutokea ndani ya fuwele? Ili kuelewa, panda matatu yenye muziki. Sauti ikiwa ya wastani, spika hutoa kile alichoimba mwimbaji na si zaidi. Makanga akiifungulia hadi mwisho, spika huanza kukwaruza. Sasa unasikia sauti ambazo mwimbaji hakuziimba, na miongoni mwazo ni sauti nyembamba yenye mitetemo maradufu ya ile ya kwanza. Spika imesukumwa kupita kiasi, nayo imeongeza ya kwake.

Elektroni zilizo ndani ya fuwele hufanya vivyo hivyo. Mwanga wa taa ya kawaida huzitikisa kidogo tu, nazo huitikia kwa utiifu. Mwanga wa leza huzisukuma kwa nguvu nyingi mno, nazo huyumba kwa namna isiyolingana na kutoa wimbi jipya lenye mitetemo maradufu. Mitetemo ikiongezeka maradufu, urefu wa wimbi hupungua kwa nusu, na rangi hubadilika. Ukichora grafu ya jambo hili mstari wake haunyooki bali hupinda, na ndiyo sababu wataalamu huita elimu hii optiki isiyo ya mstari.

Chumvi haiwezi, sukari inaweza

Usidhani kila fuwele ina kipaji hicho. Chukua chumvi ya mezani. Atomu zake za sodiamu na klorini zimepangwa kwa usawa kamili, hivi kwamba ukisimama kwenye atomu yoyote ukatazama mbele kisha nyuma, unaona kitu kile kile. Katika mpangilio kama huo mawimbi mapya yanayozaliwa pande mbili huuana. Ni kama timu mbili za nguvu sawa zinazovuta kamba. Jasho linawatoka wote lakini kamba haisogei.

Sukari ni tofauti. Molekuli yake ina upande, kama kiatu cha kushoto kinavyotofautiana na cha kulia, na sukari ya miwa yote ni ya upande mmoja. Panga viatu vya kushoto pekee utakavyo, hutapata jozi. Kwa hiyo fuwele ya sukari haiwezi kuwa na ule usawa unaoua mawimbi. Sukari uliyotia kwenye chai asubuhi ya leo inaweza kugeuza mwanga wa leza, ijapokuwa kwa udhaifu, lakini chumvi uliyotia kwenye mchuzi haiwezi kamwe.

Habari ya molekuli za kushoto na kulia iligunduliwa mwaka wa 1848 na Mfaransa Louis Pasteur, yule yule wa chanjo ya kichaa cha mbwa, alipokaa na kibanio akitenganisha fuwele ndogo moja baada ya nyingine kwa kutazama umbo lake. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Wakemia walipotambua siri hii walianza kutafuta molekuli zenye nguvu zaidi. Walipenda zile ndefu, zenye sehemu inayotoa elektroni upande mmoja na sehemu inayozivuta upande wa pili, ili elektroni zipate njia ya kukimbia huku na huku. Mojawapo ni paranitroanilini, kemikali ya manjano inayotumika katika utengenezaji wa rangi za nguo. Molekuli hiyo peke yake ni hodari sana. Msiba ni kwamba inapoganda kuwa fuwele, molekuli hujipanga mbili mbili zikipeana migongo, na uhodari wote ukafa.

Dawa yake ilikuwa ndogo ajabu. Ukiongeza ubavuni mwa molekuli hiyo kifundo cha atomu moja ya kaboni na tatu za hidrojeni, molekuli hushindwa kulala vile zilivyozoea. Hulazimika kuelekea upande mmoja, na fuwele huamka. Fuwele hiyo, iliyofupishwa kwa jina la MNA, ilitangazwa mwaka wa 1979 na watafiti wa maabara za Bell, Marekani.

Miaka kumi baadaye, 1989, Seth Marder na Joseph Perry wakishirikiana na William Schaefer huko California walikuja na hila nyingine. Walichukua molekuli ya rangi yenye chaji chanya na kuiunganisha na molekuli nyingine yenye chaji hasi, ili chaji hizo zizitenganishe zile zinazopenda kupeana migongo. Fuwele iliyopatikana inaitwa DAST. Unga wake uliotiwa kwenye leza ulitoa mwanga wenye nguvu takriban mara 1,000 kuliko unga wa urea.

DAST haikubaki kwenye vitabu. Hutumika kuzalisha mawimbi ya terahezi, yaliyo kati ya yale ya jiko la maikrowevu na ya infraredi. Mawimbi hayo hupenya karatasi, plastiki na nguo bila kudhuru kama eksirei, lakini huzuiwa na chuma na maji. Kwa sababu hiyo yamechunguzwa kwa kazi kama kupima unene wa tabaka la nje la tembe za dawa bila kuzivunja, na kutafuta vitu vilivyofichwa ndani ya vifurushi.

Kazi ya subira

Kukuza fuwele kama hizi ni kazi inayomfaa mtu asiye na haraka. Mtafiti huanza kwa kusafisha kemikali yake mara kadhaa, kwa kuiyeyusha na kuiacha igande upya, kila mara akitupa uchafu unaobaki majini. Kisha hupima ni gramu ngapi zinaweza kuyeyuka katika kioevu chake, iwe maji au methanoli, kwa nyuzi 30 za Selisiasi, 35, 40, na kuendelea. Bila jedwali hilo anabahatisha tu.

Baada ya hapo hutayarisha kioevu kilichoshiba hasa, akakichuja, akatumbukiza fuwele ndogo isiyo na dosari iliyofungwa kwa uzi. Hiyo ndiyo mbegu. Chombo huwekwa ndani ya beseni la maji ambalo joto lake hulindwa kwa makini, katika maabara bora kwa kiasi cha sehemu moja ya mia ya nyuzi moja. Kisha joto hupunguzwa kidogo kidogo kila siku, pengine kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Kioevu kinapopoa hushindwa kubeba mzigo wake, nacho huutua juu ya mbegu, tabaka baada ya tabaka.

Akipoza haraka, vifuwele vingi huchipuka kila mahali kama magugu na kumnyima mbegu chakula. Akipoza kwa kusitasita, matone ya kioevu hunaswa ndani ya fuwele, ikawa na ukungu. Chembe moja ya vumbi inatosha kuanzisha fuwele isiyotakikana. Stima ikipotea usiku kucha, na hapa kwetu jambo hilo halihitaji maelezo, joto hushuka ghafla na kazi ya wiki sita huharibika. Hata siku ya mavuno kuna hatari: fuwele ikitolewa kwenye kioevu chenye joto na kuwekwa kwenye meza baridi, inaweza kupasuka mbele ya macho yako.

Nchini India, ambako maabara nyingi za vyuo vikuu hushughulikia fani hii, K. Sankaranarayanan na P. Ramasamy walieleza mwaka wa 2005 njia ya kukuza fuwele ndani ya bomba la kioo, mbegu ikiwa chini na joto likiwa juu. Fuwele hupanda ikielekea upande mmoja tu, ule unaotakiwa, badala ya kunenepa kila upande na kupotezwa wakati wa kukatwa. Vifaa vyake si vya gharama kubwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ni aina ya sayansi ambayo vyuo vyetu vinaweza kuifanya bila kungoja mfadhili kutoka ng'ambo.

Fuwele ikipatikana, maswali yanaanza. Je, ni kitu kile kilichokusudiwa? Eksirei hupitishwa ndani yake, na jinsi inavyotawanyika huonyesha kila atomu ilipokaa, kazi iliyowapa William Bragg na mwanawe Lawrence Tuzo ya Nobel mwaka wa 1915. Je, inapitisha mwanga wa rangi zipi, na inameza zipi? Ikipashwa moto inayeyuka lini? (Urea huyeyuka kwa takriban nyuzi 133.) Je, ni ngumu kiasi cha kukatwa na kung'arishwa? Hapo ncha ya almasi hukandamizwa juu yake kwa uzito unaojulikana, na shimo dogo linaloachwa likapimwa kwa darubini.

Kipimo cha kugeuza mwanga kilianzishwa na S. K. Kurtz na T. T. Perry mwaka wa 1968, nacho ni rahisi kwa kupendeza. Fuwele husagwa kuwa unga, unga ukapigwa leza ya infraredi ya nanomita 1064. Ukitoa mwanga wa kijani wa nanomita 532, kipaji kipo. Kisha nguvu ya mwanga huo hulinganishwa na ule unaotolewa na unga wa urea au wa KDP, chumvi ya potasiamu na fosfeti ambayo pia huuzwa kama mbolea. Ndiyo, vipimo vyote viwili vya fani hii vina jamaa katika duka la pembejeo!

Hiyo KDP si ya oganiki, lakini imefika mbali. Katika maabara ya Lawrence Livermore, California, fuwele za KDP zenye uzito wa zaidi ya kilo 300 zimekuzwa kwa takriban miezi miwili, badala ya miaka iliyokuwa ikihitajika awali. Vipande vyake hugeuza mwanga wa leza 192 kutoka infraredi hadi urujuanimno. Ni leza hizo zilizofanikiwa Desemba 5, 2022 kuunganisha viini vya hidrojeni na kutoa megajuli 3.15 za nishati, ilhali mwanga ulioingia ulikuwa na megajuli 2.05.

Kwa nini basi fuwele za oganiki hazijatwaa soko lote? Jibu limo ndani ya lile gunia la mbolea. Tabia ile ile inayofanya urea kugandamana wakati wa mvua, yaani kunyonya unyevu hewani, huharibu uso uliong'arishwa wa fuwele. Nyingi ni laini kama sabuni, nyingine huungua leza ikizidi. Kampuni inayotaka kifaa kidumu miaka kumi huona afadhali fuwele dhaifu kidogo lakini ngumu.

Kuna doa jingine ambalo wanafunzi wanafaa kulijua. Kwa kuwa kazi hii haihitaji mitambo mikubwa, makala mengi yameandikwa duniani yakitangaza fuwele mpya ambazo hazikuwa mpya hata kidogo. Mtu anachanganya unga wa aina mbili ndani ya maji, anaacha maji yakauke, kisha anadai amepata kitu cha tatu. Kumbe fuwele iliyochipuka ni mojawapo ya zile mbili alizoanza nazo! Wataalamu kama Aram Petrosyan wa Armenia, Michel Fleck wa Austria na B. R. Srinivasan wa Goa, India, wamejitolea kuchunguza madai kama hayo na kuyapinga hadharani. Wengi wa waliokosea walipuuza au kusoma vibaya kipimo cha eksirei, ambacho ndicho kingewaambia ukweli tangu mwanzo.

Tochi ya kijani nyumbani

Mzazi anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Basi atazame ile tochi ndogo ya leza ya kijani ambayo watoto huichezea wakimulika ukuta na paka. Nyingi ya tochi hizo zina fuwele mbili ndani. Kifaa kidogo hutoa mwanga wa nanomita 808, fuwele ya kwanza huugeuza kuwa 1064, na ya pili, iitwayo KTP, huukata kwa nusu hadi 532, yaani kijani. Siku hizi zipo pia zinazotoa kijani moja kwa moja bila fuwele hizo.

Hatari iko kwenye zile rahisi. Mwanga wa infraredi haugeuki wote, na unaobaki hufaa kuzuiwa na kichujio kidogo mbele ya tochi. Mwaka wa 2010 wanasayansi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, walieleza jinsi tochi moja ya bei nafuu waliyoipima ilivyotoa kijani hafifu huku ikimwaga infraredi nyingi, kwa sababu haikuwa na kichujio. Mtoto akimulikwa na mwanga mkali unaoonekana, hufumba macho mara moja. Infraredi haimpi onyo hilo, na jeraha la ndani ya jicho haliumi wakati linapotokea. Tochi hizo zisiwe mchezo wa watoto, na kamwe zisielekezwe usoni au kwenye kioo.

Anayetaka kuwapa watoto burudani salama zaidi anunue shabu, ile inayotumiwa na vinyozi na ya kusafishia maji. Shabu haigeuzi mwanga, kwa kuwa mpangilio wake ni wa usawa kama wa chumvi, lakini hukua vizuri na kutoa fuwele zenye pande nane.

Saga shabu, iyeyushe katika glasi ya maji moto hadi isiyeyuke tena, kisha mimina maji yale safi kwenye chombo kingine. Baada ya siku moja au mbili utaona vifuwele chini. Chagua kilicho kizuri kuliko vyote, kifunge kwa uzi mwembamba, na ukining'inize katikati ya maji mengine ya shabu yaliyokwisha kupoa. Funika kwa karatasi, weka mahali pasipo na jua wala mtikisiko, na uwaonye watoto wasiyanywe maji hayo. Vifuwele vingine vikichipuka chini ya chombo, hamisha maji kwenye chombo safi. Kwa wiki mbili hivi utapata fuwele ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Ikaushe kwa kitambaa laini, kisha uipake rangi ya kucha isiyo na rangi, kwa maana shabu ikikaa kwenye hewa kavu hupoteza maji yake na kufifia ikawa nyeupe kama chaki.